Mafuriko ya Nyando, intaneti iliyokatika na dhoruba ya jua

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya upili iliyo karibu na Ahero. Mwezi Mei 2024, maji ya mto Nyando yalikuwa bado yametanda mashambani tuliposikia redioni kwamba jua limelipuka na kuipiga dunia kwa dhoruba kubwa. Jumapili ya wikendi hiyo hiyo intaneti ikatupotea. Ndugu yangu, ambaye ni mpima ardhi huko Njoro, naye alinieleza kwamba mashine yake ya GPS ilikataa kutulia Jumamosi nzima, na kwamba tangu mwezi Machi data alizorekodi usiku zilikuwa na mapengo. Wanafunzi wangu wameyaunganisha haya yote na kuamua kwamba ni kazi ya jua. Nimesoma pia mahali fulani kwamba Ziwa Victoria hupanda na kushuka kwa kufuata madoa ya jua. Ukweli ni upi? Na je, dhoruba kama ile inaweza kuunguza paneli za sola tulizoweka juu ya paa la maktaba?

Jibu: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Wanafunzi wako hawakukosea kuuliza kama mambo yaliyotokea pamoja yana mzizi mmoja, kwani hivyo ndivyo uchunguzi wowote unavyoanza. Kwa hesabu yangu, hata hivyo, kati ya mambo matatu waliyoyashtaki kwa jua, ni moja tu ambalo jua linaweza kukiri, nalo ni mashine ya ndugu yako. Nitaanza na tarehe, kwa maana tarehe humaliza sehemu kubwa ya ubishi hata kabla fizikia haijaitwa kutoa ushahidi.

Mvua za masika za mwaka huo zilianza Machi na zikazidi Aprili. Kule Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru, maji yalishuka kwa kishindo usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 29 Aprili yakaua makumi ya watu waliokuwa wamelala, na kufikia wakati huo uwanda wa Kano ulikuwa umekwisha kujaa maji. Kundi la madoa ya jua (mabaka meusi yanayotokea usoni mwa jua) lililoleta dhoruba, ambalo wanaanga walilipa nambari 3664, lilijitokeza kwenye upande wa jua unaotutazama mwanzoni mwa Mei. Lilianza kurusha mawingu ya gesi yenye sumaku kuelekea kwetu mnamo tarehe 8 Mei, na wingu la kwanza likaifikia dunia Ijumaa tarehe 10 Mei, yapata saa mbili usiku kwa saa zetu. Kituo cha Marekani kinachofuatilia hali ya anga za juu kiliipa dhoruba hiyo daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa na ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Ilikuwa kubwa kweli kweli, hata mianga ya rangi ambayo kwa kawaida ni ya nchi za karibu na ncha za dunia ikaonekana hadi Mexico. Lakini mafuriko yalikuwa yameitangulia kwa majuma kadhaa, na mtoto hamzai babaye.

Intaneti nayo ina maelezo yake, tena yaliyo wazi. Jumapili tarehe 12 Mei nyaya mbili za baharini zinazohudumia Afrika Mashariki, yaani EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na meli ya ukarabati ikabidi itumwe kuziunganisha. Nyaya hizi hubeba habari kwa mwanga unaopita ndani ya uzi mwembamba wa kioo, na mwanga huo haujali mabadiliko ya sumaku ya dunia. Ni haki kukiri kwamba ndani ya waya huo mmepitishwa pia shaba ya kupeleka umeme kwenye vikuza mwanga vilivyopangwa sakafuni mwa bahari kila baada ya makumi ya kilomita, na kwamba dhoruba ya jua inaweza, kwa nadharia, kuisumbua njia hiyo ya umeme. Kusumbua kikuza mwanga na kukata waya ni mambo mawili tofauti, na hakuna dhoruba ya jua inayoweza kufika chini ya bahari ikachagua mahali pamoja ikakata nyaya mbili jirani. Mwanafunzi aliyeleta hoja hii simlaumu, kwa sababu wikendi ile watu wengi wazima walisema hivyo hivyo.

Sasa tufike ziwani, ambako swali lako linanivutia zaidi, kwa kuwa kisa hiki ni chetu sisi wa kando ya Ziwa Victoria na bado wataalamu wa hali ya hewa duniani hukitaja wanapoonyana kuhusu takwimu. Vipimo vya kina cha ziwa vilianza kuwekwa mwaka 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza aitwaye C. E. P. Brooks alivichukua vipimo hivyo akavilinganisha na idadi ya madoa ya jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Alichokiona kilikuwa cha kushangaza. Madoa yalikithiri karibu na mwaka 1906 na ziwa likapanda. Yalipopungua ziwa likashuka. Yakakithiri tena mwaka 1917 na ziwa likapanda tena. Mistari miwili kwenye karatasi ilikwenda bega kwa bega kama ng'ombe wa kulimia. Mimi, kama ningekuwapo, ningeamini, na sidhani kwamba wewe ungekataa.

Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ng'ombe mmoja akatoka kwenye nira. Madoa yaliendelea na mzunguko wake, ziwa likaacha kuyafuata, na watu waliotarajia kubashiri mvua za Uganda na Nyanza kwa kuhesabu madoa wakabaki na karatasi zao. Pigo kubwa zaidi lilikuja baada ya mvua za mwisho wa mwaka 1961, wakati Bahari ya Hindi ilipokuwa na joto lisilo la kawaida upande wetu wa magharibi. Ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, likafikia kilele chake Mei 1964, mwaka ule ule ambao jua lilikuwa limetulia kabisa kwenye kikomo cha chini cha mzunguko wake. Na ile rekodi ya 1964 ilipokuja kufikiwa, ilikuwa Mei 2020, maji yalipoingia ufuo wa Dunga hapa Kisumu na kuwahamisha watu kandokando ya ghuba, nalo jua lilikuwa limegusa kikomo chake cha chini miezi mitano tu iliyotangulia, yaani Desemba 2019. Kwa hiyo viwango hivyo viwili vya juu mno, cha 1964 na cha 2020, vilitokea jua likiwa limelala. Ndugu zetu wa Nakuru wana ushahidi wa namna nyingine: ziwa lao lilianza kupanuka mnamo mwaka 2010, likameza lango la hifadhi na makazi ya watu, na likaendelea kubaki juu huku jua likipanda hadi kilele cha mwaka 2014, likishuka hadi 2019, na likianza kupanda upya. Kama jua ndilo lingekuwa na usukani, ziwa hilo lingekuwa limerudi nyuma walau mara moja.

Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na mito kama Nyando, Nzoia na Kagera huchangia sehemu ndogo tu. Mvua hiyo hutegemea jinsi joto lilivyogawanyika katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, upepo wa usiku unaovuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ukanda wa mawingu unaovuka ikweta mara mbili kila mwaka. Maji yanayotoka husimamiwa pia na bwawa la Jinja tangu miaka ya 1950. Mambo mengi kiasi hiki yakiwa yanavuta kamba upande wao, vipimo vya miaka 30 vinaweza kufanana na kitu chochote kinachopanda na kushuka, yakiwemo madoa ya jua.

Pamoja na hayo, nisingependa uwaambie wanafunzi kwamba jua halihusiki kabisa na mvua zetu, maana utakuwa umetoka kosa moja kuingia jingine. Watafiti wameendelea kurudi kwenye ziwa hili, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika karne ya 20 mvua za Afrika Mashariki zilielekea kuongezeka takriban mwaka mmoja kabla ya kila kilele cha madoa, hata katika miongo ambayo kiwango chenyewe cha ziwa hakikuonyesha wazi. Ushahidi mwingine umetoka kwenye tope la Ziwa Naivasha, katika ile kreta iliyozama karibu na kisiwa cha Crescent. Huko watafiti walichimbua tabaka za tope zilizojipanga kwa zaidi ya miaka 1,000 na kusoma ndani yake mabaki ya mwani na ya wadudu wadogo wa majini, ambao hubadilika kadiri maji yanavyokuwa ya chumvi au yasiyo na chumvi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba ziwa lilikuwa juu katika vipindi ambavyo jua lilikuwa limepoa kwa muda mrefu, kikiwemo kile cha mwaka 1645 hadi 1715 ambapo madoa yalikaribia kutoweka, na kwamba kati ya vipindi hivyo palikuwa na ukame mkali kuliko wowote tulioushuhudia tangu wakoloni waje.

Umeona mgongano? Victoria ya Brooks inasema jua likichangamka maji huongezeka, ilhali Naivasha inasema jua likipoa ndipo maji huja. Inawezekana zote mbili zinasema kweli, kwa kuwa moja inazungumzia miaka 11 na nyingine inazungumzia karne, na bahari huitikia kwa namna tofauti joto la muda mfupi na lile la muda mrefu. Inawezekana pia kwamba katika karne hizo za Naivasha kulikuwa na kingine, kama vile milipuko ya volkano, kilichobadilisha mvua wakati huo huo. Msimamo wangu mimi ni kwamba mkono wa jua katika mvua za huku huenda upo, lakini ni dhaifu na umefichwa na mikono yenye nguvu zaidi, na mkulima wa mpunga wa Ahero hawezi kupanga msimu wake kwa kuutegemea.

Udhaifu huo unaeleweka ukifanya hesabu, na hesabu yenyewe inafaa darasani. Juu kabisa ya angahewa, kila mita moja ya mraba inayolielekea jua hupokea takriban wati 1,361. Kati ya kilele na kikomo cha chini cha mzunguko wa miaka 11, kiasi hicho hubadilika kwa karibu wati moja tu, yaani chini ya sehemu moja katika elfu. Kwa kuwa dunia ni mviringo na ina usiku, wati hiyo hugawanywa kwa nne, halafu theluthi hivi ya kinachobaki hurudishwa angani na mawingu na barafu, na hatimaye mabadiliko yanayobaki chini hayafiki hata robo ya wati. Joto la dunia huitikia kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja, kisha hurudi. Gesi ya kaboni dioksidi iliyoongezwa na binadamu tangu karne ya 18 inazuia zaidi ya wati mbili kwa kila mita ya mraba, na hiyo hairudi nyuma baada ya miaka 11. Zaidi ya hayo, vilele vya madoa tangu miaka ya 1980 vimekuwa vya chini kuliko kile cha juu cha mwaka 1957 na 1958, na bado joto la dunia limezidi kupanda, hadi mwaka 2024 ukawa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa.

Kuna alama nyingine ambayo mimi huipenda kuliko hesabu hiyo. Jua linapochangamka, miale yake ya urujuanimno huongezeka kwa kiwango kikubwa kuliko mwanga wa kawaida, na miale hiyo hunyonywa na ozoni iliyo juu, katika tabaka liitwalo stratosfia. Ikiwa jua ndilo lingekuwa linaipasha dunia joto, tabaka hilo la juu lingepata joto pamoja na ardhi. Vipimo vya maputo na setilaiti vya miongo iliyopita vinaonyesha kwamba huku chini kumeongezeka joto na kule juu kumepoa, jambo ambalo ndilo linalotarajiwa pale blanketi linapoongezwa unene na moto ukabaki ule ule.

Nimekaa sana kwenye mvua, na ndugu yako wa Njoro anasubiri. Kwake yeye jua lina mkono mrefu na wa haraka, kwa sababu haligusi bahari wala mawingu. Linagusa tabaka la hewa lililo kati ya mashine yake na setilaiti. Tabaka hilo, ionosifia, huanzia kilomita 60 hivi juu ya vichwa vyetu na kuendelea kwa mamia ya kilomita, na ndani yake miale ya jua imevunjavunja chembe za hewa na kuacha elektroni zikielea huru. Mawimbi ya GPS yanayosafiri kutoka setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hucheleweshwa na elektroni hizo. Ucheleweshaji huo, ukigeuzwa kuwa umbali, unaweza kuwa mita kadhaa siku ya kawaida na makumi ya mita miaka ambayo jua liko kileleni. Mashine za wapima ardhi hujiokoa kwa kupokea masafa mawili na kwa kulinganisha mashine iliyo kwenye nukta inayojulikana na ile inayotembezwa shambani, kwa matumaini kwamba zote mbili zinatazama ionosifia moja. Tarehe 11 Mei matumaini hayo hayakuwa na msingi, kwani elektroni zilikuwa zikisukumwa huku na huko bila mpangilio. Siku hizo hizo wakulima wa Marekani, waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda mahindi, walilazimika kusimamisha matrekta yanayojiendesha kwa GPS kwa sababu mistari ya mbegu ilianza kupinda. Kwa hiyo ile Jumamosi yake naiandikia jua bila kusita.

Yale mapengo ya usiku tangu Machi ni kitu kingine, nacho hakihitaji dhoruba yoyote. Ikweta ya sumaku, ambayo ni tofauti na ile ya ramani iliyopita karibu na Maseno, huvuka Ethiopia jirani na Addis Ababa, nasi tuko kusini mwake kwa mwendo mfupi. Mchana, umeme wa asili ulio angani huku huinua elektroni juu kisha zikaporomoka pande zote mbili za ikweta hiyo, kama maji ya chemchemi inayoruka. Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosifia hufifia haraka huku ile nzito ikisukumwa juu zaidi, na hapo kizito kinakuwa kimekalia chepesi. Mimina maji juu ya mafuta ya kupikia ndani ya gilasi utaona kinachofuata: chepesi hupenya kwenda juu kwa matone na mikondo. Angani mikondo hiyo ni mapovu yenye upana wa makumi ya kilomita, na mawimbi ya GPS yanayopita ndani yake humetameta jinsi nyota inavyometameta machoni, hadi mashine inapoteza setilaiti moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Huanza baada ya saa moja na nusu usiku na mara nyingi hutulia kufikia usiku wa manane. Miezi yake mikali ni Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, na miaka yake mikali ni ile ya kilele cha jua. Kilele cha mzunguko huu wa sasa, ambao ni wa 25 tangu hesabu zianze, kilifikiwa Oktoba 2024, kwa hiyo Machi ya mwaka huo ilikuwa imekaa pabaya.

Mwambie basi asitegemee data za kati ya magharibi na usiku wa manane katika miezi hiyo, na kwamba kazi nyeti aifanye asubuhi, kwa kuwa elektroni huwa nyingi zaidi mnamo saa nane mchana. Mashine ya msingi aiweke karibu na shamba lenyewe, asitumie ile iliyo mbali mjini, na kila bikoni, yaani alama ya mpaka, airudie kwa saa tofauti kabla ya kuandika nambari kwenye karatasi. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, kosa la mita moja linatosha kuwapeleka majirani mahakamani. Kituo cha Hermanus nchini Afrika Kusini hutoa utabiri wa hali ya anga za juu kwa bara letu, naye akizoea kuutazama kabla ya kutoka nyumbani atajiokolea mafuta ya gari. Kwa mwendesha boda boda anayetafuta nyumba ya mteja kwa simu, kosa la mita tano halina uzito wowote.

Mbali na GPS, jua hugusa redio za masafa mafupi, na hapa huhitaji kusubiri wingu la gesi lisafiri siku mbili, kwa kuwa mionzi ya mlipuko hufika kwa mwendo wa mwanga, dakika nane na kidogo. Tarehe 3 Oktoba 2024 mlipuko mkubwa ulifikia kilele saa tisa na dakika 18 alasiri kwa saa zetu, na kwa kuwa Afrika ndiyo iliyokuwa imelielekea jua saa hiyo, masafa mafupi yalizimika juu ya sehemu kubwa ya bara hili. Wazee waliosikiliza idhaa za nje kwa redio hizo wanalijua jambo hili bila kulijua jina. Sauti ilikuwa ikididimia mchana kweupe, wakaigongagonga redio kibaoni. Setilaiti zinazoruka chini nazo huumia, maana dhoruba hutanua angahewa na kuzikwamisha. Februari 2022 kampuni ya Starlink ilirusha setilaiti 49 ikapoteza karibu 40 kati yake katika siku chache kwa dhoruba ambayo haikuwa hata kubwa.

Umeme wa gridi ndio ambao watu huuogopa zaidi, na kwa huku kwetu hofu hiyo imepita kipimo. Sumaku ya dunia inapotikisika, mkondo wa umeme huzaliwa ardhini na kupanda kwenye nyaya ndefu za msongo mkubwa kupitia transfoma. Ndivyo jimbo la Quebec nchini Kanada lilivyozimika tarehe 13 Machi 1989, watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa hivi. Tikisiko hilo ni kali karibu na ncha za dunia na hupungua sana kadiri unavyokaribia ikweta, ingawa Afrika Kusini iligundua uharibifu katika transfoma zake baada ya dhoruba za Oktoba 2003. Wanaosimamia njia ya Olkaria kwenda Lessos hadi Kisumu wana haki ya kulifuatilia jambo hili. Lakini transfoma ya kijiji ikilipuka Ahero, chunguzeni kwanza tawi la mti, maji, na mwizi wa mafuta ya transfoma kabla ya kulishtaki jua.

Paneli za maktaba haziko hatarini kwa dhoruba ya jua, kwa sababu ile niliyoitaja hivi punde: mkondo huo unahitaji waya wa makumi au mamia ya kilomita ili ujikusanye, nao waya unaotoka kwenye paa lenu hadi kwenye inveta ni wa mita chache. Msizichomoe. Kinachoweza kuziunguza ni radi, ambayo magharibi mwa Kenya inazo kwa wingi mno kwa sababu ya ziwa, na kwa hiyo ningependa kujua kama aliyezifunga aliweka waya mnene wa kushusha umeme wa radi ardhini, na kama kwenye inveta kuna kikinga radi. Kama hakuweka, hiyo ndiyo gharama ya kuombwa kwa bodi ya shule muhula huu.

Kwa wanafunzi, nina pendekezo moja. Tafuteni darubini ndogo ya kawaida yenye macho mawili, ielekezeni kwenye jua bila mtu yeyote kuchungulia ndani yake, mkizibe kioo kimoja, na muuache mwanga utue juu ya karatasi nyeupe iliyowekwa kivulini nyuma yake. Duara la jua litatokea, na katika miaka hii mtaona madoa. Yachoreni kila siku saa ile ile kwa wiki mbili, kwa kuwa doa huchukua takriban siku 13 kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pembeni mwa kila mchoro waandike kipimo cha mvua cha siku hiyo kutoka kwenye kopo lenu la uwanjani, na mwisho wa muhula waulizwe kama vitu hivyo viwili vimewahi kuafikiana.